Kikapu cha Makomeo

Jumamosi ile, wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda hirvi, wale paa wakubwa wa misitu ya kaskazini, kufunguliwa, niliwapelekea wanaume wa kikundi cha uwindaji mkate mweusi kibandani kwao msituni. Baridi ya asubuhi ilikuwa imeanza kuuma, na majani ya manjano yalikuwa yamelala njia nzima, yameloa chapachapa. Halli, mbwa wa marehemu mume wangu, alinitangulia. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Nasema hivyo ijulikane kwamba hasira sikutoka nayo nyumbani.

Kuni zilikuwa zimeshapasuliwa na kupangwa mpaka chini ya dirisha. Mzee Oiva, mkubwa wao kwa umri, alikuwa juu ya ngazi akikwangua masizi kwenye bomba la moshi, uso mweusi tititi.

"Karibu, Mama Saimi! Umeleta mkate au mahubiri?"

"Mkate. Mahubiri utayakuta kesho kanisani."

"Basi mimi nitakula."

Nikacheka, nikaingia.

Ndani kulinuka mafuta ya bunduki. Shemeji yangu Taisto na Jorma wa lori walikuwa mezani wakisafisha silaha. Makomeo ya bunduki walikuwa wameyachomoa yote, wakayalaza juu ya gazeti yakauke. Taisto ni mdogo wa mume wangu Eevertti, na tangu tulipomzika Eevertti majira ya kuchipua, yeye ndiye kiongozi wa kikundi. Kando ya jiko nikakiona kikapu. Kilikuwa kimejaa chupa tupu za bia.

Kikapu kile Eevertti alikisuka mwenyewe kwa magome ya mti. Kila Jumamosi jioni ya msimu alikizungusha hapo kibandani, na kila mwanamume alichomoa komeo la bunduki yake, kile chuma kinachosukuma risasi, akalitia ndani. Kikapu kikaja kutundikwa nyumbani kwetu, karibu na saa, hadi Jumatatu. Bunduki bila komeo ni fimbo. Msitu ni wangu, nimeurithi kwa baba yangu. Wawinde watakavyo, ila Jumapili msitu upumzike, na kengele ya kanisa ng'ambo ya ziwa isikike bila mlio wa risasi. Walinung'unika miaka yote, lakini walitia.

"Shemeji," nikasema, "hicho kikapu kinafanya nini hapo?"

"Kinabeba chupa." Hakuinua hata macho.

"Na Jumamosi ijayo kitabeba nini?"

"Chupa zaidi, Mungu akipenda."

Jorma akakohoa ili asicheke.

"Sikuelewi, Taisto."

"Unanielewa sana." Akaweka kitambaa chini. "Sisi ni watu wa kazi. Mimi niko kiwandani wiki nzima, Jorma yuko barabarani. Ukituondolea Jumapili tunabaki na nini? Theluji ikishuka, hirvi wameshahama. Mwaka huu tunawinda siku zote mbili. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana na nani?"

"Kikundi."

"Na mwenye msitu alikuwepo kwenye hicho kikao?"

"Shemeji, ile ilikuwa sheria ya kaka. Kaka amelala. Tusimwamshe."

Masikio yakanivuma. Kwa miezi yote hiyo watu walikuwa wamenipa pole, wameniletea samaki, wamenifagilia uwanja, nami nilishukuru kila mmoja. Sasa nikaona walichokuwa wanasubiri.

"Eevertti hakuwa na sheria," nikamwambia. "Sheria ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Yeye aliibeba tu kwa sababu nyinyi msingeipokea mkononi mwa mwanamke."

Taisto akatabasamu. "Kumbe! Basi ibebe mwenyewe sasa. Tuone kama si nzito."

Nikakinyanyua kikapu, nikakipindua. Chupa zilibiringika hadi chini ya vitanda, moja ikapasuka. Kisha nikaja mezani, nikakinga kikapu ukingoni, na kwa mkono mmoja nikayafagia makomeo yote ndani, pamoja na gazeti na mafuta yake.

"Hee!" Jorma akaruka. "Mama! Langu hilo nimelisafisha tangu alfajiri!"

"Basi litakaa safi."

Taisto alisimama, uso umemwiva. Akanyoosha mkono kushika mshikio wa kikapu. Mimi sikurudi nyuma. Mzee Oiva alikuwa ameshashuka, amesimama mlangoni na brashi yake.

"Taisto," alisema, "yeye ana makomeo yote, wewe una fimbo. Keti chini."

"Wewe uko upande gani, mzee?"

"Upande wenye msitu." Akaingiza mkono kwenye koti lake lililotundikwa, akatoa komeo lake, akalidondosha ndani ya kikapu. Lililia kama sarafu ya sadaka. "Na huo mkate msiumalize bila mimi."

Niliondoka. Taisto alinifuata mpaka kwenye rundo la kuni akipiga kelele kwamba nimekuwa mwizi uzeeni, kwamba kaka yake angeona aibu. Hilo la mwisho lilinichoma. Nilikaza mwendo, maana jibu nililokuwa nalo mdomoni lisingefaa kwa mtu anayekwenda mezani pa Bwana kesho yake.

Kanisani sala zangu zilikuwa na meno. Niliporudi, Taisto alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yangu, kofia mkononi.

"Haya, nipe," akasema.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Aligeukia ziwani. Ng'ambo, kengele ya ibada ya pili ilikuwa inalia. "Hakuna risasi Jumapili," akasema kwa meno yaliyofungana.

"Msitu wa nani?"

"Aa, shemeji!"

"Msitu wa nani, Taisto?"

"Wako. Msitu wako."

Nikaingia, nikayafunga makomeo kwenye taulo, nikampa. Aliyapapasa, akatazama nyuma yangu ukutani.

"Na kikapu?"

"Kikapu kinakaa kwangu. Jumamosi jioni nitakileta mwenyewe."

Aliondoka bila kuaga. Sikumsamehe siku ile. Mungu anajua kwamba nitafika huko, lakini atanisubiri kidogo. Nilimimina maji ya moto, nikaketi na brashi, nikaanza kukisugua kikapu harufu ya bia itoke.