Mkono wa Mama Ulipotetemeka

Kuna kinyozi mmoja ambaye wote waliokua naye wanamwita Yai. Alizaliwa na hemofilia. Damu yake ikianza kutoka haigandi upesi, na mama yake alimlea kama aliyebeba yai kiganjani. Usikimbie. Usipande. Njoo ukae hapa. Hata hivyo goti la kushoto lilivimba mara kwa mara kwa damu iliyovujia ndani, na mama akambeba mgongoni kumpeleka hospitali mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuzika chini. Mpaka leo anachechemea kidogo.

Kisha ikaja dawa ya kuzuia damu isivuje: sindano chini ya ngozi ya tumbo, kila wiki, nyumbani. Mama akafundishwa kliniki namna ya kumchoma. Goti likatulia. Yai akafungua kibanda, akawa anasimama kutwa na mashine yake. Wateja walimtania, "Wewe na wembe wapi na wapi?" Naye aliwajibu, "Tulia, shingo ni yako lakini woga ni wangu."

Akaoa fundi simu, mwanamke wa maneno machache. Mama hakuacha kuja. Kila Ijumaa asubuhi aliitoa dawa kwenye friji ipunguze baridi, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akaamuru, "Pandisha shati," kana kwamba mwanawe bado yuko darasa la kwanza.

Macho ya mkwe yalikuwa kazini. Mkono wa mama ulikuwa umeanza kutetemeka, na tumbo la mumewe lilijaa madoa ya bluu.

"Mwambie," alimnong'oneza mumewe jikoni.

"Nimwambieje? Atavunjika moyo."

"Na tumbo ni la nani?"

Hakumwambia. Ijumaa iliyofuata mkono ulitetemeka kupita siku zote. Sindano ikagonga chuma cha mkanda, ikapinda. Bahati nzuri dawa ilikuwa bado haijasukumwa. Mama akataka kuinyoosha kwa vidole, na mkwe akamdaka mkono.

"Mama, utajichoma!"

Mama akakaa chini, akaanza kulia.

"Ugonjwa huu ameutoa kwangu," alisema. "Umo damuni mwangu nami mzima, nimempa yeye. Mkininyang'anya na sindano, nitakuwa nimemsaidia nini?"

Yai hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Alipiga magoti mbele yake, lile bovu likimuuma.

"Kumbe miaka yote hii unajiadhibu? Mimi nilidhani unakuja kwa sababu unanipenda."

"Nakupenda, mjinga wewe!" Akacheka huku machozi yakimtiririka.

Mkwe akanyoosha mkono. "Nipe mimi, mama. Nimezoea skrubu ndogo kuliko hiyo."

"Hapana," Yai akasema. "Nitajichoma mwenyewe."

Wote wawili wakamkodolea macho. Huyu ambaye kila Ijumaa aligeukia ukutani! Lakini alinawa mikono, akafunga sindano mpya kwenye bomba la dawa, akabana ngozi. Vidole visivyotikisika shingoni mwa watu vilikuwa vimelowa jasho.

"Usibane pumzi," mama akasema. "Hapo ni karibu mno na kitovu. Sogea. Haya, ingiza, usiibembeleze."

Akaingiza. Akasukuma taratibu, uso umekunjamana.

"Inauma!"

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ulikuwa unaogopa kuliko mimi."

Mama aliitupa sindano kwenye kopo la sindano zilizotumika, kisha akabaki akiitazama mikono yake. "Basi Ijumaa ijayo mimi sina kazi huku."

"Njoo, mama," mkwe akasema. "Huyu akizimia nitamwinua peke yangu?"

Akaja, na Ijumaa za mwanzo alikaa ukingoni mwa kiti, midomo ikimcheza kwa maelekezo aliyoyameza. Madoa yakapungua tumboni mwa Yai, na mama naye akaanza kuegemea kiti. Siku moja alichelewa, akakuta mwanawe keshajichoma na kwenda kibandani. Hakuuliza habari za sindano. Alivua viatu, akamuuliza mkwe kama kuna chai.