Magazini ya Kuchomoa

Mi mikono yangu haitulii. Tangu nimalize fomu foo mwaka juzi nipo tu hapa Majengo, natoka nyumba hii naingia ile, na nikikuta kitu chenye kitufe lazima nikibonyeze. Redio ya bibi niliifungua nikairudishia, zikabaki skrubu mbili hazina pa kukaa. Kwa hiyo ba'mdogo Athuman aliposema Alhamisi niende naye porini, tena mi ndo niwe mchinjaji, nyumba nzima ilicheka. Hadi dada Hadia alicheka, na harusi yenyewe ni yake.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ba'mdogo alishaahidi nyama itatoka porini, maana alikuwa na kibali cha kongoni mmoja, na kibali chenyewe kilikuwa kinaisha hiyo hiyo Alhamisi.

Sasa nyama ya porini kwetu ina shughuli yake. Ustadhi wa mtaani anasemaga ukisoma bismillahi wakati unapiga risasi inatosha. Bibi Shamsia, mama yake ba'mdogo, hataki kusikia hiyo. Yeye na wamama wenzake wa jikoni wanataka shingo iliyokatwa kwa kisu, mnyama akiwa bado anapumua. Nyama ikifika anaikagua shingo mwenyewe, anapitisha kidole, halafu anamuuliza aliyechinja. Na bibi yule humdanganyi. Kwa hiyo kazi ya mchinjaji ni mbio tu. Risasi ikilia, wewe na kisu chako unakimbia umuwahi kabla hajakata roho.

Asubuhi tukampitia mzee Machibya kwake Ilembo. Machibya ni Msukuma, mfugaji, na kwa kusoma nyayo sijaona mwingine. Yeye na ba'mdogo ni watani, na wana makubaliano yao ya miaka yote: mnyama akifa kabla ya kisu, nyama yote ya Machibya. Akapanda pikapu na bunduki yake, akaniangalia mimi, akakiangalia kisu.

"Mke wangu ameshabandika maji," akasema. "Nilimwambia leo mchinjaji ni Dulla."

Wa nne alikuwa afande Danford, askari wa wanyamapori, maana huendi kuwinda bila askari. Akatusomea masharti. Anayewinda ni ba'mdogo peke yake, kwa bunduki iliyoandikwa kwenye kibali. Ya Machibya inakuja kwa ulinzi tu, tukikutana na simba au nyati. Na ndani ya gari hakuna bunduki yenye risasi.

Hapo kwenye kutoa risasi ndo ubishi wao ulianza.

Bunduki zote mbili ni za kukoki kwa mkono, na zinakula risasi za aina moja. Tofauti yao ni magazini. Ya Machibya ni ya zamani, magazini yake imejengwa humo humo tumboni haitoki, unazisindilia risasi kwa juu moja moja na kidole gumba. Ya ba'mdogo mpya. Unabonyeza kitufe, kiboksi cha chuma kinashuka mkononi kwako na risasi zake tatu ndani. Ba'mdogo alibonyeza mara moja, kwisha. Machibya akakoki, risasi ikaruka. Akakoki tena, ikaruka. Ya tatu ikaingia chini ya siti, tukaitafuta mpaka afande akaanza kuangalia saa.

Ba'mdogo akasema bunduki ile inamfaa mtu asiye na safari. Machibya akasema kinachotoka haraka kinapoteaga haraka. Wakaendelea hivyo mpaka Katumba, mpaka mabani ya kukaushia tumbaku yakaisha na mashamba yakaisha. Magazini nilikuwa nimepewa mi niishike. Njia nzima nilikuwa naichezea, nabonyeza ile risasi ya juu inazama, naiachia inapanda.

Tuliposhuka, afande akasema kuanzia hapo kimya. Ba'mdogo akaingiza risasi moja kwenye chemba kwa mkono, akafunga, akaweka sefti. Na zile tatu za chini zinakuwa nne. Akaigeuza bunduki tumbo juu, akaninyooshea kidole niweke magazini.

Nikaiweka. Ile kitu ikikaa sawasawa inalia, ka! Na ikiwa imejaa, na bunduki imeshafungwa, inakuwa ngumu, lazima uigonge na kiganja. Mi nikafikiria tumeambiwa kimya. Nikaisukuma taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Ikaingia, ikagoma kidogo, ikatulia. Haikulia. Nikajipongeza kabisa.

Tukatembea kama masaa mawili. Kiangazi, majani yameshaungua, chini majivu matupu, kwa hiyo nyayo zinasomeka hata na mi. Kuna mahali mti mkubwa ulikuwa umelala njiani, tukapita chini yake kwa magoti. Mbele kidogo Machibya akainua mkono. Kongoni watano, wamesimama kwenye uwazi, wanatazama upande mwingine.

Ba'mdogo akalenga dume la pembeni. Akasoma bismillahi kwa midomo tu, akapiga.

Nikatoka mbio. Wenzake wote walishapotea, yule dume akawa amekaa chini kwa nyuma kama mbwa. Sijafika hata nusu, akanyanyuka. Risasi ilikuwa imempata nyuma sana. Akaanza kutembea, taratibu, anaelekea kwenye kichaka. Nikasimama nikasubiri ba'mdogo aongeze. Nikasikia anakoki. Nikasikia triga, ti. Basi.

Nilipogeuka, ba'mdogo alikuwa ameigeuza bunduki anaiangalia chini. Pale pa magazini palikuwa na tundu. Akashika mifuko, ya shati, ya suruali, na risasi nyingine zote alikuwa ameziacha kwenye gari.

"Mtani," Machibya akasema polepole, "bunduki yako imezalia njiani."

Hakuna aliyecheka. Afande alisema yeye hakuja kuwinda, na bunduki ya Machibya haipo kwenye kibali, hawezi kuruhusu. Hakusema kwa ubaya. Kongoni akaingia kichakani, akasimama humo, tunaona mgongo unapanda na kushuka. Akiachwa ataenda mbali atafia huko. Na Machibya ndo pekee wa kumfuata akampata, ikifika saa nane angekuwa na nyama yote, halali yake kwa makubaliano. Hakutakiwa kufanya chochote. Angekaa tu chini angoje.

Ba'mdogo hakuomba. Alimwangalia tu mtani wake. Mi nilikuwa nimerudi, nimeshika kisu, nawaza Jumamosi, masufuria makubwa yamebandikwa na bibi anauliza nyama iko wapi, halafu wote wanageuka kuniangalia mi.

Machibya akafungua bunduki yake. Risasi ya chemba ikaruka ikaangukia majivuni. Akaiokota, akaipuliza, akaifuta kwenye shati bila haraka yoyote.

"Hii ilikaa tumboni tangu asubuhi," akasema. "Haikudondoka."

Akampa. Ba'mdogo akaiingiza kwa mkono, akafunga. Wakasogea wawili, Machibya mbele, mpaka kongoni akageuza kichwa. Ba'mdogo akampiga risasi ya bega.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka tu miiba. Nilimkuta amelala ubavu, Machibya ananifuata nyuma na umri wake wote. Ubavu ulikuwa hauchezi. Nikaona ndo basi. Halafu jicho likafumba, likafumbua, likanitazama. Machibya akashika pembe akakigeuza kichwa kaskazini. "Nyie mnaangaliaga huku," akasema, "haya, fanya." Nikasoma, nikakata. Damu ikatoka kwa nguvu, ya moto, ikanirukia mpaka kiunoni. Mguu wake mmoja ukapiga mara mbili tatu, ukatulia.

Tulipomaliza kumchuna, ba'mdogo akaanza. Anairudisha bunduki dukani, wamemuuzia kitu kibovu, anatafuta ya zamani kama ya Machibya. Nikajua Machibya ataudaka huo ushindi, tangu asubuhi alikuwa anautafuta. Alitangulia tu kurudi na njia yetu, anafuata nyayo zetu wenyewe. Chini ya ule mti uliolala akainama, akaitoa magazini kwenye majivu na risasi zake tatu. Akaikung'uta. Akaigeuza, akapitisha kucha pale pa kujifungia, palikuwa pazima. Hakumpa ba'mdogo. Alinipa mi.

Nikasema.

"Ba'mdogo, bunduki haina ubovu. Mi sikuisukuma mpaka mwisho. Niliogopa itapiga kelele."

Akayaangalia mawe ya pale kama anayechagua la kuniponda nalo. Afande Danford akajifanya anafunga kamba za buti.

"Iweke," ba'mdogo akasema. Akaifunga bunduki, haina kitu chemba, akaigeuza tumbo juu. Nikaisukuma nikaigonga na kiganja. Ka! Akabonyeza ikatoka. "Tena." Ka! Sijui mara ngapi, mpaka kiganja kikawa chekundu. Ndege waliokuwepo karibu wote waliondoka.

Kwenye gari ikabidi watoe risasi tena. Ba'mdogo akabonyeza mara moja. Machibya akakoki, ikaruka, akakoki, ikaruka, na hii ya pili ikaenda kule kule chini ya siti. Nikaingia kuitafuta mi. Juu yangu nikasikia wameshaanza upya, anayekosea ni bunduki au mtu, na sauti ya ba'mdogo sasa ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida. Tulipofika Ilembo alimshushia Machibya paja zima. Akasema ni la Minza, mke wa Machibya, maji asiyaepue bure.

Majengo bibi alikuwa anatungoja mlangoni na kanga yake kiunoni. Akafunua turubai, akatafuta shingo, akapitisha kidole taratibu kutoka upande hadi upande. Akauliza nani amechinja. Nikasema mimi.

"Alikuwa anapumua?"

"Ubavu ulikuwa umesimama, bibi. Ila jicho alilifumba akalifumbua. Akaniangalia."

Na yeye akaniangalia, muda kidogo. Halafu akafuta kidole kwenye turubai.

"Wapelekee jikoni," akasema. "Na usishike redio yangu na hiyo mikono."