Benzi Inayokunywa Mafuta ya Mikate

Mdogo wangu Trésor ana diploma na meza katika ofisi moja ya serikali. Mimi, kaka yake mkubwa, nauza mbao, na shule niliiacha kabla sauti haijavunjika. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani namwonea wivu. Kwa Trésor hakuna cha kuonea wivu.

Mazutu, yaani dizeli, ilipopanda bei hapa Kisangani, wenye akili waliuza magari yao. Trésor ndiyo kwanza akaja kwangu kunitaka tukanunue.

"Yaya, natafuta gari ya zamani," aliniambia. "Ya zamani kabisa, ya mazutu. Nitaitilia mafuta ya kupikia."

"Na chumvi utatia wapi?"

Hakucheka. Trésor hachekagi akiwa na mpango, na yeye ana mpango kila mwezi. Amekwisha kufuga konokono. Amekwisha kutengeneza sabuni iliyowatoa majirani ngozi. Sasa alikuwa amesoma mambo ya magari kwenye simu, na simu ikishasema, nani atabisha?

Tukaenda kwa Nzanzu, Mnande anayeuza magari nyuma ya depo yake ya unga. Nzanzu alitupeleka moja kwa moja kwenye Toyota nyeupe iliyong'aa kama jino la dhahabu.

"Hii iko propre, safi kabisa, chef. Ukipita nayo ofisini, hata directeur atasimama."

Trésor aliinua boneti, akatazama ndani huku amekunja uso kama daktari anayetaka kukutisha.

"Hapana. Hii iko na ordinateri, ile kompyuta ya injini. Matundu yake ya kupitisha mafuta ni madogo sana. Mafuta muzito itaiua. Mi nataka ile."

Alionyesha Benzi ya kijivu iliyokuwa imeegeshwa ukutani, matairi yamelala. Nzanzu alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Ile? Kuku yangu inatagia mule ndani."

"Pompe yake ya mafuta haina umeme. Inasukuma yenyewe, kwa nguvu. Ile itakunywa kila kitu."

"Hata supu ya sombe?" Nzanzu aliuliza.

"Cheka tu, tonton."

Nzanzu alicheka kweli, hadi akashika mlango. Aliita watu watoe kuku.

Sasa nitasema jambo ambalo halinipendezi: kuhusu gari, Trésor hakukosea. Ile Toyota ingekufa. Benzi ilibadilishwa mipira ya kupitisha mafuta na matairi, ikatiwa mafuta, ikakohoa mara mbili, ikaondoka. Mafuta yenyewe alikuwa anayakusanya kwa wamama wanaokaanga mikate sokoni, yale yaliyochoka ambayo wao huyamwaga. Aliyachuja kwa shuka kuukuu, tena na tena, hadi yakawa safi na ya manjano kama mafuta ya kiwanda. Kisha alichanganya na petroli, yale mafuta ya taa, ili yasigande asubuhi ya mvua. Kila alipopita, mtaa mzima ulinuka mikate, na mbwa walimfuata. Watu wazima wakawa wanamwita Mama Mikate. Yeye aliwapungia mkono kama mgombea wa ubunge.

Gari lilitengenezeka. Mwenyewe ndiye aliyebaki vilevile.

Mkewe Nadège alikuwa amemwacha tangu kabla ya Benzi. Sababu yake haikuwa konokono wala sabuni, hayo aliyavumilia. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia Trésor kwamba wahame. Trésor alijua, akanyamaza, akawa anarudi kutoka kazini kila jioni na kuuliza kuna chakula gani. Asubuhi moja vijana wa mwenye nyumba walikuja wakabeba kitanda cha Nadège mpaka barabarani, mbele ya majirani, yeye akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani. Akamchukua mtoto wao Jemima, akavuka mto, akaenda kwa baba yake, Papa Émile, ng'ambo ya Lubunga kwenye njia ya Ubundu.

Trésor alitaka kwenda kumchukua, na kwa Benzi, ili wakwe wamwone. Kwetu mume hajisemei mbele ya wakwe. Kaka yake mkubwa ndiye mdomo wake. Kwa hiyo nilipanda. Tulivuka mto kwa bac, ile feri, tukala vumbi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kitenge cha mama mkwe na mfuko wa chumvi. Kwenye buti kulikuwa na bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, zimejaa mafuta yake ya safari ya kurudi.

Papa Émile alitupokea vizuri. Alinishika mkono, akaniongoza nyuma ya nyumba ili tumalize maneno wawili kabla ya kikao, kama inavyofanywa. Trésor alibaki uani na gari lake.

"Binti yangu hataki kitenge," mzee aliniambia. "Hataki mbuzi. Anataka bwana mwenye kusema. Jambo likija, amwambie. Basi."

"Atasema, papa. Nitamshika masikio mimi mwenyewe."

"Bon. Alikubali jana usiku, mama yake alimusemesha. Nadège atapika, bwana yake atapokea sahani mikononi mwake ale, na tutakuwa tumemaliza. Leo leo mutarudi naye."

Nilifurahi. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Tukiwa bado huko nyuma, nilisikia vigelegele upande wa uani, nikadhani mama mkwe amekiona kitenge.

Tuliporudi, Trésor alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, magoti yamebanana. Uso wake ulikuwa na rangi ya ugali. Mama mkwe alitoka jikoni akanishika mabega.

"Baba mukubwa, aksanti! Mimi nilijua mutaleta chumvi tu, kama watu wote. Kumbe bidoni mbili! Tena si mawese ya pori, ni ya kiwanda! Vijana wetu wa hapa walipofungua buti, nililia."

Nilimtazama Trésor. Trésor alitazama viatu vyake.

"Inanuka bidoni kidogo," mama aliendelea, "lakini mafuta gani inapita huku bila kunuka bidoni? Nadège anakaanga nayo makemba sasa hivi. Mukwe wangu maskini anasema tumbo inamuuma, eti hatakula sana."

Alirudi ndani. Niliketi kando ya mdogo wangu, nikamwinamia.

"Umewaambia?"

"Yaya, nyamaza," alinong'ona. "Walibeba haraka. Nilitaka kusema, wakaanza vigelegele. Ningesema nini? Kwamba nimemuletea mama mukwe mafuta ya kutupa?"

"Ina petroli ndani."

"Kidogo. Kidogo tu. Wakisha kula, tunakwenda naye. Sahani moja, yaya. Tumebakiza sahani moja."

Jemima alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, sahani yake ya plastiki juu ya mapaja, akingojea ndizi za kukaanga. Trésor alikuwa anamwona kama mimi nilivyomwona.

Nimefanya kazi na wezi wa mbao. Nimefanya kazi na askari wa vizuizi. Sijawahi kukaa karibu na mtu nikataka kusogeza kiti, mpaka siku hiyo.

Nilisimama, nikasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Nadège! Toa sufuria motoni! Mutoto asile! Ile ni mafuta ya gari, imetiwa petroli!"

Ndani kulianguka kitu. Moshi ulitoka, na mama akaanza kumwita Mungu kwa majina yote. Kisha Nadège alitoka, kijiko cha kukaangia mkononi, akampokonya Jemima ile sahani ingawa ilikuwa tupu. Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya mumewe.

"Papa Jemima. Ni kweli?"

"Nadège, sikia. Kipimo chake ni kidogo sana, donc hatari yenyewe—"

"Walipobeba bidoni, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Uliona?"

"Niliona, lakini mama alikuwa na furaha, na mimi—"

"Na tumbo, ilianza kukuuma kabla ya kubeba, ama kisha?"

Trésor, mwenye neno kwa kila kitu, mwenye neno kwa pompe na kwa konokono, alianza kufuta vumbi kwenye funguo za Benzi. Papa Émile alikohoa. Alinigeukia mimi, kwa sababu ndivyo adabu inavyotaka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo.

"Baba mukubwa, kuko neno ya kuongeza?"

Ningeweza kutafuta. Watu huniambia najua kuuza mbao yenye fundo. Lakini hii ilikuwa imeoza mpaka katikati.

"Hapana, papa," nilisema. "Sina."

Mzee alitikisa kichwa. Nadège alirudi jikoni. Tulimsikia akisugua sufuria kwa majivu, muda mrefu, kisha akimwomba mama yake mawese ya nyumbani. Trésor alikuwa anatazama mlango wa jikoni, na nadhani bado alikuwa na tumaini, kwa sababu harufu nzuri ilikuwa imeanza kutoka.

Alileta sahani ya kwanza kwa baba yake. Ya pili aliniletea mimi, akapiga goti kidogo. Ya tatu ilikuwa ya Jemima. Kisha alijiletea yake mwenyewe, akaketi mkekani karibu na mama yake, akaanza kula. Trésor alikaa na mikono mitupu kati yetu, na kila mtu pale uani alijua maana yake.

Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, na makemba yalikuwa mazuri.