Geuza Kwanza

Willis hakubisha hodi. Alisimama mbele ya kibaraza cha Ayuma pale Khayega, akavimwaga viti vyake chini kwa kishindo, kisha akatupa juu ya meza ya kukatia bango lililoviringishwa, upande mweupe ukiwa nje.

Vilikuwa vile viti vidogo vya kukunja, vya mabomba mepesi ya alumini, ambavyo mtu hutembea navyo kwapani. Willis aliwakodishia wageni waliokuja msituni Buyangu kutazama ndege, na wazee waliopenda kutazama mafahali wakipigana huku wameketi, na yeyote aliyekuwa na matanga. Vitambaa vilikuwa vimechanika pale vinapochanikia siku zote, kwenye mfuko unaopitisha bomba, kwa sababu bomba huusugua uzi mpaka uzi ukasema basi yaishe.

Alivitaka kabla ya Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa ya makumbusho ya mama yake, na wageni wa heshima wangevikalia. Akaongeza, macho yake yakiwa barabarani, kwamba Ayuma aifanye vizuri hiyo kazi kwa kuwa ndiyo ya mwisho kwa mashine ile. Jumamosi ataipakia kwenye pikapu aende nayo kwake Lurambi.

Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa vita. Ilikuwa ya Mama Berita, mama yake Willis: cherehani nyeusi, nzito, inayopita kwenye turubai na ngozi kana kwamba inapita kwenye leso, na Khayega nzima hapakuwa na nyingine kama hiyo. Mama Berita alishona nayo mpaka macho yakamwishia, ndipo akamkalisha Ayuma, mke wa mwanawe mdogo, akamfundisha. Mume wa Ayuma alipofariki, mashine ikamlisha mjane. Mama Berita naye alipofariki, Willis, kifungua mimba, akaanza kutangaza kwamba mali ya mama ni ya watoto wa mama, na mkaza mwana si mtoto. Katika ukoo wao vitu vya marehemu haviamuliwi matangani. Husubiri mwaka utimie, na siku ya makumbusho senje, yaani shangazi wa ukoo, ndiye anayesema kipi kiende wapi. Ayuma alikuwa ameumaliza mwaka huo roho mkononi. Bila mashine ile, angekuwa mwanamke wa kuomba chumvi kwa majirani, na Willis alilijua hilo vizuri.

"Hii bango haifai, shemeji," Ayuma alisema. "Ikikunjwakunjwa itapasuka. Leta turubai."

"Wewe unashonanga ama unafundishanga? Kata vile nimechora."

Alikuwa amechora kweli. Alilaza kitambaa cha kiti kimoja juu ya ule upande mweupe, akakizungushia kalamu ya wino mzito, akahamisha, akazungushia tena, mpaka bango lote likajaa miraba. Ndani ya kila mraba alikuwa ameweka alama yake ya rangi ya buluu, mstari mmoja na nukta mbili. Alama hiyo ilikuwa pia kwenye mguu wa kila kiti chake, maana wakodishaji wote huweka alama ili viti visipotee kwenye matanga ya watu. Lakini kuweka alama kwenye kitambaa ambacho hakijakatwa, hilo Ayuma alikuwa hajaliona. Alimuuliza sababu.

"Ndio usiniibie," Willis akajibu, kwa sauti ya kuwatosha watu wa posho mill iliyokuwa upande wa pili wa barabara.

Akaenda zake. Bango lenyewe alisema ni la kampeni, la yule mheshimiwa aliyeanguka uchaguzi, na kwamba hata asante si lazima kumpa.

Kuitwa mwizi kwenye kibaraza chake mwenyewe, na mtu aliyekuja kumnyang'anya, kulimchoma Ayuma kuliko kunyang'anywa kwenyewe. Akashika mkasi kwa hasira, akautia kwenye pembe ya bango, akakata shibiri nzima.

Hapo mkono ukasimama wenyewe. Mama Berita alikuwa na sheria moja ambayo hakuichezea: geuza kwanza, ndipo ukate. Kitambaa kina nyuso mbili, alikuwa akisema, na fundi aliyeona mmoja tu anacheza kamari na mali ya mtu. Aliwaimbia sheria hiyo wanawe wote tangu wakitambaa chini ya mashine. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Willis alifunzwa na mamaye hasa, masikio tu ndiyo hakuyaleta.

Ayuma akageuza. Kwanza yakatokea maua meupe, yale ya kuchapishwa. Halafu neno "Alizaliwa". Alipolikunjua bango lote mezani, Mama Berita mwenyewe akamtazama, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani, anatabasamu kama mtu aliyelazimishwa kupigwa picha. Lilikuwa bango la mazishi, lile lililotundikwa mlangoni siku ya kumzika. Willis alikuwa na mabango mawili stoo, yote yameviringishwa upande mweupe nje, akabeba asilolijua. Akachora. Akapaka rangi. Kuligeuza hata mara moja kukamshinda. Ayuma aliliinua kwenye mwanga, akaona mraba mmoja ulivyomchukua mama uso mzima, kuanzia paji mpaka kidevu.

Alilia, lakini kwa hasira. Kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Tusimpake Ayuma mafuta. Alilolifikiria kwanza lilikuwa baya kabisa. Alifikiria kukishona kile kiti kama alivyoagizwa, uso wa mama ukitazama chini, Willis akikalie mbele ya ukoo mzima, halafu yeye asimame akipindue. Mwanamume aliyeukalia uso wa mama yake hafungui tena mdomo penye watu. Kwao hiyo ni laana, na hakuna kondoo wa kuisafisha. Alilitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka maji. Akautia mkasi kwenye mstari tena.

Ikashindikana. Uso ule ulikuwa umeiinamia mikono yake miaka na miaka, ukimwambia hapo umepinda, hapo fumua. Akauweka mkasi chini.

Jambo la pili lilikuwa rahisi: kumrudishia Willis bango lake. Mtu wa boda boda angelifikisha Lurambi kabla obusuma, ugali wa jioni, haujaiva. Hilo nalo Ayuma hakulifanya. Alishona ile pembe aliyoikata, akaliviringisha bango, akalifungia sandukuni. "Ataitafuta," akasema peke yake.

Viti alivishona kwa turubai kuukuu la lori alilokuwa amejiwekea. Alikunja mifuko ya mabomba mara mbili, akapiga mishono miwili kwa uzi wa nailoni, akachoma ncha za uzi kwa mshumaa zisifumuke. Haukuwa wema. Hakutaka kumwachia Willis hata tundu la sindano la kusemea.

Jumamosi asubuhi Willis alifika na watu wake kibarazani, akavipakia viti bila kuvitazama, na mashine pia. Ayuma alipomkumbusha kwamba senje bado hajasema, alimwambia senje atasema tu yale ambayo kila mtu anayajua. Basi mashine ikafika nyumbani kwa marehemu kabla ya neno lolote kuamuliwa, imekaa juu ya pikapu penye macho ya watu. Ayuma alifuata nyuma kwa miguu, kikapu mkononi.

Maombi yalisomwa, nyimbo zikaimbwa, kuku wakaliwa. Kisha Senje Muhonja, dada wa marehemu baba yake Willis, mwanamke mkavu asiye na mchezo, akamwita kifungua mimba amtundike mama yake mlangoni. Ndivyo wanavyofanya. Bango la mazishi hukaa kwa mtoto wa kwanza, na yeye ndiye hulitundika kwa mkono wake. Mpaka marehemu awe mlangoni anatazama, vitu vyake havitajwi.

Willis alimtuma mkewe Kemunto kwenye pikapu. Kemunto akaleta bango, upande mweupe nje. Willis akapanda juu ya kiti, akafunga kamba mbili za juu huku akisema maneno mazito juu ya mama na malezi, akaliachia bango likashuka.

Mheshimiwa aliyeanguka uchaguzi aliwachekea waombolezaji, kidole gumba juu.

Mtu mmoja akakohoa, mwanamke mmoja akajitia leso mdomoni, na kicheko kikapita chini ya hema kutoka mwisho hadi mwisho. Willis alitazama bango, akatazama viti walivyokalia watu, akamtazama Ayuma. Pale pale alielewa, kwa kuwa rangi ilimtoka usoni. Mwanamume mwingine angeomba maji akae. Yeye alinyoosha kidole.

"Huyu ndiye ameiba picha ya mama."

Ayuma akalitoa bango kikapuni. Alilifungua polepole, na Mama Berita alipoonekana watu wakaacha kucheka.

"Hii uliniletea wewe, nikushonee viti," akasema.

"Uongo. Mimi nilikupea ya kampeni. Hii umetoa kwa stoo yangu."

"Basi geuza."

Willis hakusogea. Kemunto ndiye aliyeligeuza, pengine kwa kutaka kumtetea mumewe, na akabaki amelishika hivyo hivyo mbele ya watu wote: miraba ya viti, na katika kila mraba mstari mmoja wa buluu na nukta mbili. Senje Muhonja akainama pale alipoketi, akautazama mguu wa kiti chake. Mstari mmoja na nukta mbili. Wengine nao wakainama kutazama miguu ya viti vyao, na hapakuwa na haja ya shahidi tena. Mzee mmoja aliinuka kwenye kiti chake taratibu, akaketi nyasini.

Senje akalipokea bango, akapitisha vidole kwenye ukingo wake wote. Kwenye pembe vidole vikasimama.

"Na hapa ni nani?"

Ayuma angeweza kusema ni Willis. Kila mtu angeamini, na mashine ilikuwa pale pikapuni inamngoja.

"Hapo ni mkasi yangu, Senje. Nilikata kabla sijageuza."

"Mmesikia?" Willis akaruka. "Ni yeye amekata mama!"

Senje alimnyamazisha kwa mkono. Akamuuliza Ayuma alijua lini kwamba ni mama. Ayuma akajibu kwamba alijua siku ile ile bango lilipoletwa. Senje akauliza kwa nini hakulirudisha, akamwacha kifungua mimba wa watu asimame mbele ya wageni na kumtundika mwanasiasa.

"Nilitaka aaibike," Ayuma akasema. "Aliniita mwizi."

Senje Muhonja akawaambia wote wawili kwamba siku hiyo hampendi hata mmoja wao, na kwamba marehemu ana bahati kuwa tayari yuko chini ya udongo. Kisha akasema Ayuma amekosea kwa kunyamaza, na kwa kosa hilo atapika chai ya ukoo kila makumbusho mpaka naye akumbukwe. Willis, ambaye alimfanya mama yake matako ya kiti, atalitundika bango sasa hivi, lenye kidonda chake hapo pembeni, kila mtu akitazama.

"Mashine nayo," akasema, "ni ya mwenye kugeuza. Ishushe."

Willis aliwaita watu wake. Senje akauliza kama ni wao waliozaliwa na Berita. Basi Willis akapanda pikapu, akaikumbatia mashine kwa mikono yake, akashuka nayo akihema, akaiweka miguuni pa Ayuma. Alipokuwa ameinama bado alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hatamsamehe mpaka kaburini.

"Sijakuomba," Ayuma akamjibu.

Hawakusameheana, na huu si utani wa mashemeji wa kuisha kwa chai. Lakini viti vya kukunja havijui ugomvi wa watu. Bomba likaendelea kusugua uzi. Vile ambavyo havikuwahi kushonwa vikaanza kuchanika kimoja kimoja, waelekezi wa Buyangu wakalalamika, na mashine ya kupita kwenye turubai Khayega ilikuwa ile ile moja. Siku ya soko Willis akaja kibarazani. Safari hii alikuwa na turubai jipya, la kijani, linalonuka duka. Akalitupa mezani bila salamu.

Ayuma hakuligusa.

"Geuza kwanza," akasema.

Willis alitazama pembeni. Watu wa posho mill walikuwa wametoka nje, unga nyusoni, wakijifanya wanapunga upepo. Alimchukia Ayuma siku hiyo kuliko siku nyingine zote, na Ayuma alikuwa anamchukia vile vile, hakuna aliyemficha mwenzake. Akalikunjua turubai mwanzo hadi mwisho, akaligeuza, akalilainisha kwa viganja vyote viwili. Lilikuwa kijani upande huu, kijani upande ule.

"Tena," Ayuma akasema, na Willis akageuza.