Redio na Sauti za Watu

Ifahamike mapema, ili marehemu asisingiziwe, kwamba Redio hakuwa mvivu wa mazoezi. Marehemu hapa ni heshima yake. Mwenyewe yu hai na anakula vizuri.

Jina hilo alipewa bwenini kwa sababu alikuwa na stesheni zote. Ukitaka mkuu wa shule akikohoa kabla ya kutangaza adhabu, unampata. Ukitaka mpishi akiapa kwamba nyama ilikuwamo ila imeyeyuka, unampata. Lakini sauti aliyoiiga kwa kupatia hasa ni ya matroni, mama mnene mwenye sauti ya puani, aliyelaza bweni zima kwa "Haya, haya, blanketi juu!"

Matroni mwenyewe alikuwa shabiki wake mkubwa. Alipokaribia kustaafu alimkuta kwenye kamba za nguo.

"Mwanangu, siku ya kuagana usiniletee mkuu wa shule. Huyo nimemsikia mpaka masikio yamechoka. Nataka unisemeshe wewe."

"Mimi, Mama? Mimi sina la kusema."

"Basi litafute. Muda upo."

Kumbe la kusema alikuwa nalo. Alipougua homa kali mwaka wa kwanza, matroni alimfunika shuka lake mwenyewe, akakaa naye, akamdanganya kwamba kulia ni dalili ya kupona. Redio hakuwahi kumshukuru. Kila alipojaribu, koo lilitoa kichekesho.

Akamwendea mwalimu wa fasihi. Mwalimu akamwambia, "Kila asubuhi kabla ya kengele, eleza kwa sauti kitu kimoja ulichokiona jana. Kimoja tu. Kitatoka kibovu. Kesho rudia."

Asubuhi ya kwanza Redio alisimama nyuma ya mabafu akaeleza bomba linalovuja. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Kesho yake akaeleza mbwa wa jirani wa shule, ikawa afadhali. Masikio ya yule mbwa aliyapatia maneno mazuri hadi akatembea na furaha mpaka jioni. Siku iliyofuata wenzake wakamfuma, miswaki mdomoni.

"Redio, unaongea na nani?"

"Najaribu kitu."

"Acha mambo yako! Tupe mkuu wa shule!"

Akawapa. Wakacheka hadi povu la dawa ya meno likawatokea puani. Baada ya shangwe kama ile, nani angerudi kwenye bomba? Tangu hapo Redio hakukosa asubuhi hata moja, mvua isimzuie, akinoa sauti za watu kwa bidii ya kupigiwa mfano. Na alizidi kuwa hodari. Hilo ndilo la kusikitisha.

Siku ya kuagana ikafika. Bwalo lilijaa. Matroni alikaa mbele, mkoba mapajani, viatu vipya vikimbana. Redio akaitwa. Alijua anachotaka kusema. Akafungua kinywa.

"Haya, haya, blanketi juu! Nani huyo bado anacheka?"

Ilikuwa sauti ya matroni, pua na yote. Bwalo likalipuka. Mkuu wa shule akapiga meza. Redio alipoonja kicheko kile akaongeza nyingine, na nyingine, kisha akarudi kukaa katikati ya makofi. Matroni alicheka kuliko wote.

Baadaye gari lilikuwa limeshawashwa getini Redio alipofika mbio. Matroni akashusha kioo.

"Umenivunja mbavu, mwanangu." Akamtazama, akingoja. "Na wewe je?"

Redio akavuta pumzi. Kilichomtoka ni kikohozi cha mkuu wa shule. Wallahi hakukusudia. Matroni akatabasamu kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa mwenye nyumba hayupo.

"Haya. Baki salama."

Gari lilipokata kona, ndipo likamtoka. "Mama, nilipougua ulinipa shuka lako. Asante." Kwa sauti nyembamba, iliyokatika katikati, mbele ya vumbi.

Mlinzi wa geti akakunja uso. "Huyo nani tena? Simtambui."

Redio akapangusa vumbi usoni.

"Bwana wee, hebu nifanyie mimi. Unaniweza?"

Alimweza. Akamfanyia, na mlinzi akacheka mpaka akashika geti.