Gunia la Kuwaamsha Makarani

Kwa miaka ishirini na miwili Jilala alikuwa mkaguzi wa pamba wa chama cha ushirika pale Nkoma, na hakuna mkulima aliyewahi kumpiga chenga. Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, na mchanga wa kuongezea uzito ukiwemo aliukuta. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walijaa na mizani zao, wakigombea pamba kiasi kwamba makarani wao waliuona mchanga na kugeuza macho. Jambo hilo lilimkera Jilala kuliko hata damu aliyokuwa akiikojoa tangu masika.

Damu yenyewe ilikuja ikakatika, naye akajitangazia kwamba amepona. Mkewe, Esteria, hakudanganyika. Alimburuta mpaka hospitali kubwa Mwanza, na huko Daktari Masunga akapitisha mrija wenye taa, akakwangua uvimbe uliokuwa kwenye kibofu, akaupeleka kupimwa. Ikawa saratani.

"Bado iko juu juu kwenye utando, mzee," daktari alisema. "Lakini ina hila. Mwanzoni askari wa mwili huiona. Kadiri inavyokua inajifunza kuficha alama zake, kisha inawapumbaza askari wenyewe, mpaka wanapita kando yake bila kuigusa. Ikizama kwenye msuli, tumechelewa."

"Kumbe ni makarani wa siku hizi!" Jilala akacheka.

Kicheko kilikatika alipoambiwa dawa: vijidudu vya jamii ya kifua kikuu, hai ila vimedhoofishwa, chanjo ile ile wanayochomwa watoto begani, vimiminwe ndani ya kibofu.

"Yaya, hapana! Sikubali. Kifua kikuu ndicho kilichomuua kaka yangu Ngassa." Akachukua kofia yake. Alikiogopa kifua kikuu kuliko alivyoiogopa saratani.

Esteria hakuinuka. "Baba Mhoja, makarani wako walipokuwa wakisinzia ghalani, ulikuwa unafanyaje?"

Jilala akakumbuka. Alikuwa akipenyeza gunia moja bovu kupindukia, la mchanga na mbegu zilizooza, katikati ya mazuri. Karani wa kwanza kulifungua alipiga kelele, wote wakakurupuka, na siku hiyo hata mabovu yaliyofichwa nyuma kabisa yalifukuliwa.

"Kumbe vijidudu ndivyo gunia bovu," akasema, akaiweka kofia chini.

Walimmiminia dawa mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Kila mara alibana mkojo saa mbili nzima, akijigeuza ubavu huu na ule kama chapati, huku Esteria akimsimamia. Wiki ya tatu homa ilimpanda, na sauti yake ikasikika kutoka chooni.

"Mama Mhoja! Kunawaka moto! Wameamka!"

Esteria alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Miezi mitatu baadaye mrija wenye taa ulirudi kazini. Daktari Masunga alitazama, akatabasamu, akasema kibofu ni safi. Jilala alijawa na furaha, lakini hakuinuka kitandani.

"Tazama tena, daktari," alisema. "Kule nyuma kabisa. Ndiko wanakoficha."

Daktari akatazama tena. Palikuwa safi.