Kioo Juu ya Maji

Babu wa babu wa mzee huyu alikuwa mpima ardhi, babu yake karani wa mahakama, baba yake mkaguzi wa mizani. Yeye mwenyewe alikagua mizani miaka thelathini na miwili, na ukoo huo haukuwahi kutiwa doa. Ndiyo maana mzee alivaa koti lake la heshima kwenda maabara kwa mjukuu wake, ambaye angehojiwa na jopo saa nane mchana ili apate udaktari wa sayansi.

Mjukuu alimwonyesha vifaranga wa samaki, wembamba kama kope. Ndani ya uti wa mgongo, alieleza, mna mshipa mkuu wa fahamu: baadhi ya seli zake huuamuru mkia upige, nyingine, kwa dai lake, humweka samaki mgongo juu. Hizo za pili alizichoma kwa leza. Kweli, waliochomwa waliogelea kwa kasi, lakini kiubavu.

"Umeona, Babu? Mkia mzima, mkao hoi. Kama wewe ukitafuta miwani chini ya kitanda."

Mzee alitabasamu, kisha akakunja uso. Vyombo vya waliochomwa vilijazwa pomoni na kufunikwa kioo. Vya wasioguswa vilikuwa wazi.

"Mbona hawa umewafunika?"

"Maji yalikuwa yanatikisika, picha zinaharibika. Nimewafunika tangu siku yao ya tatu."

"Hawahitaji hewa?"

Mjukuu aligusa kioo kwa kidole. Alijua tangu mwaka wa kwanza: siku ya nne au ya tano kifaranga hupanda juu kumeza hewa ya kujaza kibofu chake cha kuelea. Asiyejaza hulala ubavu, hata seli zake zikiwa nzima.

"Basi haijulikani kama ni leza au kioo," alisema taratibu. "Babu, hakuna atakayeuliza. Nikisema, narudi nyuma mwaka mzima. Na shangazi wote wameshafika."

Aliyewaalika ni mzee mwenyewe.

"Nilifunga duka la shemeji yangu kwa upungufu wa gramu ishirini kwenye mizani. Hajanisamehe mpaka leo."

"Mimi si duka, Babu."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Mjukuu aliketi, akamwandikia msimamizi wake barua ya kuahirisha mahojiano. Mzee alivua koti, akalitundika kitini, asijue atawaambia nini wageni.

Nanyi vijana mnaosoma, zingatieni: kabla ya kutangaza kilichomlaza samaki, hakikisheni wote mmewapa maji sawa na hewa sawa. Msipofanya hivyo, semeni wenyewe, kabla hamjaulizwa.